Picha ya silakanti ilikosa jina la mvuvi

Wadau, naanza na aibu yangu. Picha ya kwanza niliyompiga silakanti pale Makumbusho ya Malindi ilikuwa takataka. Flashi nimewasha, mwanga umegonga kioo, na katikati ya tumbo la samaki naonekana mimi, simu yangu na tisheti nyeupe. Nikaiposti hivyo hivyo: "Samaki wa kale, Malindi."

Mjomba wangu, mvuvi, akanipigia jioni. "Mpwa, nimekuona wewe. Samaki yuko wapi? Na nani alomvua?"

Swali la kwanza lilinichoma. La pili halijaniacha mpaka leo. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hili nilikaa nikalisoma.

Wataalamu waliamini silakanti alitoweka duniani miaka milioni 65 hivi iliyopita. Desemba 1938 akanaswa Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London akamuona kwenye shehena ya samaki wa kawaida. Picha walizompiga ziliharibika. Kilichomfikia mtaalamu J.L.B. Smith ni mchoro wa kalamu tu, Marjorie kauchora kwa mkono wake. Ndio maana huwa nacheka mtu akisema simu mbovu imemzuia kazi.

Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alichapisha karatasi zenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakuna. Mwaka 1952 nahodha Eric Hunt alikutana na Smith Zanzibar, akazibeba karatasi hizo hadi Komoro. Desemba hiyo, kisiwani Nzuani, Ahamadi Abdallah wa Domoni akamvua mmoja kwa mshipi. Kesho yake samaki alikuwa karibu kukatwa sokoni, mwalimu Affane Mohamed akamtambua kutokana na ile picha.

Sasa sikieni hapa. Wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombesa. Lakini Smith alipompa jina la kisayansi alimwita Malania, kwa heshima ya D.F. Malan, waziri mkuu wa Afrika Kusini aliyetoa ndege ya kumchukua. Malan, mtu wa ubaguzi wa rangi! Baadaye ilionekana ni aina ile ile ya 1938, jina likafa. La Ahamadi wangapi tunalijua?

Huku kwetu, Aprili 2001, meli ya uvuvi ilimnasa mmoja bahari ya Malindi. Ndiye huyo wa nyuma ya kioo. Na hakuna akwariamu duniani iliyofanikiwa kumfuga silakanti. Akiwa hai kule kwao chini alipigwa filamu mara ya kwanza 1987, Hans Fricke akiwa ndani ya nyambizi ndogo huko Komoro. Kwa hiyo sisi wa Malindi na Kilifi, kioo hicho ndio nafasi yetu.

Nilirudi. Safari hii tisheti nyeusi, flashi nimezima, kioo nimekifuta kwa kitambaa, lenzi nimeigusisha kwenye kioo ili mwanga wa dirishani usipate njia. Nikashika pumzi, nikapiga nyingi. Mapezi yale manene kama miguu yametoka safi kabisa, magamba unayahesabu. Hata samaki hai wa akwariamu ni hivyo hivyo, ila huyo anataka subira zaidi, umngoje ageuke.

Mjomba kaiona. "Sasa samaki yupo," akasema. "Bado lile la pili."

Maoni yangu ni haya: picha ya samaki bila jina la aliyemvua ni nusu picha. Kama babako, babu au jirani alikuwa kwenye meli ile ya 2001, muulize kwanza kama anataka kutajwa. Akikubali, niandikie. Nitaiposti picha upya, jina lake likiwa juu, langu chini.