Theis aliuliza

Niliacha chuo mwaka wa pili. Hesabu zilinishinda, na sikuwahi kumwuliza mtu. Niliona aibu.

Ndiyo maana nampenda Charles Theis, mwanajiolojia wa Marekani. Miaka ya 1930 alikuwa akichunguza maji ya chini ya ardhi kule New Mexico. Fomula iliyojulikana, ya Mjerumani Thiem ya 1906, ilitaka uvute maji mpaka kiwango kitulie. Shida ni kwamba kiwango kinaweza kushuka siku nyingi bila kutulia. Muda haukuwa kwenye hesabu kabisa.

Theis aliona kitu: maji hupita kwenye mwamba vile joto hupita kwenye chuma. Wazo alikuwa nalo, hesabu ndiyo ilimlemea. Basi akamwandikia Clarence Lubin, rafiki yake mwanahisabati wa Cincinnati, akaomba msaada. Lubin akamsaidia. Mwaka wa 1935 Theis akachapisha mlinganyo.

Tangu hapo, unavuta maji kwa kasi moja, unapima kisima cha karibu kinavyoshuka saa baada ya saa, kisha unakadiria mwamba unapitisha maji kiasi gani na unahifadhi kiasi gani.

Mwaka jana walichimba kisima kwenye ploti yetu. Pampu ilinguruma usiku kucha, majirani wakalalamika. Kijana mmoja alikuwa akiteremsha kamba ya kupimia na kuandika namba. Nikatoka nje kwa ndara, nikamwuliza, "Bro, hizo namba unazifanyia nini?"

Akasogea, akanipa nafasi niketi.