Haki ya Kujibu: Mtunzi na Jamaa ya Wasomaji Wake

Aghalabu mtunzi chipukizi hudhani kwamba wasomaji huja baada ya kitabu, na kwamba kazi ikisha kupigwa chapa haihitaji tena ila wanunuzi. Rai hii imepinduka, kwani historia ya fasihi yetu yashuhudia kuwa wasomaji hutangulia kitabu, na kwamba kinachowajumuisha ni haki wanayopewa ya kumjibu mtunzi.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakuacha kitabu. Tungo zake juu ya mahaba, dhiki za riziki na uhasama wa koo za Mazrui na Mabusaidi zilisemwa mbele ya watu waliomjua kila aliyetajwa na kila aliyefumbwa, nao wakazihifadhi vifuani. Hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na kasisi W. E. Taylor, alipozikusanya mwishoni mwa karne hiyo, alizikuta zingali hai katika ndimi za wazee. Diwani ya Muyaka ilitolewa na William Hichens mwaka 1940, baada ya karne nzima ya kuwa na wenyewe pasipo kuwa na jalada.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali Dar es Salaam mwaka 1923, liliipatia karatasi desturi hiyo ya kutunga mbele ya watu, likaipa na nafasi ya kujibizana. Mshairi wa Tanga aliweza kuleta shairi lenye swali au fumbo, likachapishwa pamoja na jina lake. Kisha mwingine wa Tabora au Lindi, akizifuata mizani zile zile nane kwa nane, na vina vile vile vya kati na vya mwisho, akampinga au akamuunga mkono, ilhali waliosomewa gazeti barazani wakingoja toleo lijalo. Ajibuye kwa vina vya mwenziwe hana budi kulipima shairi lake neno kwa neno kabla hajashika kalamu, wala hapana usomaji makini kuliko huo. Katika gazeti hilo ndimo alimojulikana mshairi Shaaban Robert, angali karani wa forodha. Riwaya yake ya Kusadikika ilipotoka mwaka 1951, jina la mtunzi huyo lilikuwa limekwisha kuzoeleka miaka mingi.

Huenda mtu akahoji kwamba mtunzi awasikilizaye wasomaji hugeuka mtumwa wa matamanio yao. Hoja hii ina uzito, walakini yachanganya mnunuzi na mjibuji. Mnunuzi hutaka kufurahishwa, na asipofurahishwa huondoka kimya. Mjibuji hutaka hoja, na asiporidhika hubaki apinge. Wa kwanza humlegeza mtunzi, wa pili humkaza.

Basi atamaniye kuandika na aanze kwa kuwajibu wengine kabla ya kudai kujibiwa: azisome kazi za wenziwe na kuzitolea hukumu ya insafu; atoe tungo fupi fupi pale watu wakutanapo, zenye swali asilolifunga mwenyewe; na akisahihishwa, shukrani yake iwe kurekebisha. Njia hii ni ya taratibu, lakini humpatia watu wanaojihesabu kuwa na fungu katika kazi yake. Wahariri nao wana wajibu wao, kwani jarida lisilo na nafasi ya majibu huwanyima waandishi wa kesho wasomaji wao. Yapasa nafasi hiyo itengwe katika kila toleo, ijapokuwa ni ya shairi moja na jawabu lake.