Swali Kwanza, Dodoso Baadaye

Wanafunzi wengi wa uzamili wa uhasibu huamua kutumia dodoso kabla hata swali lao halijaiva. Hebu turudi nyuma kidogo, tuone wenzetu walifanyaje.

Kufikia miaka ya 1960, wapo wasomi waliodai kwamba faida inayotangazwa na kampuni haina maana, kwa kuwa imekokotolewa kwa kanuni zisizolingana. Walibishana hoja kwa hoja. Ray Ball na Philip Brown, Waaustralia waliokuwa Chuo Kikuu cha Chicago, wakaligeuza swali: kama haina maana, bei za hisa zingejali? Swali hilo halihitaji kumhoji mtu. Wakachukua kampuni 261 za Marekani na kulinganisha faida zao za 1957 hadi 1965 na mwenendo wa bei. Jarida la The Accounting Review liliikataa makala yao. Ikatoka 1968 katika Journal of Accounting Research. Kumbe bei zilifuata mwelekeo wa faida, ila asilimia 85 hadi 90 ya habari ilikuwa imeshaingia sokoni kabla ripoti haijatoka.

Sasa, bei ya hisa haiwezi kukwambia bosi anamfanyia nini msimamizi aliyevuka bajeti. Anthony Hopwood, Mwingereza aliyesoma hapohapo Chicago, alitaka kujua hilo. Akaingia ndani ya kampuni moja, akatumia mahojiano na dodoso. Mwaka 1972 akaeleza: bajeti ikigeuzwa fimbo, msongo unapanda, uhusiano kazini unaharibika, na watu wanachezea hesabu.

Yameisha? Hapana. Mwaka 1978 David Otley alichunguza jambo hilohilo katika kampuni nyingine, huko Uingereza, na hakuyaona madhara yale. Vitengo vyake vilijitegemea zaidi, hivyo bajeti ilipima kazi ya meneja kwa haki zaidi. Ukiingia ndani unapata kina, lakini kampuni moja ni kampuni moja. Ukitumia bei unapata upana, lakini huwasikii watu.

Kwa hiyo, kabla hujaandika sura ya tatu ya tasnifu yako, jiulize jibu linakaa wapi: sokoni, kwenye nyaraka, au kwa watu wenyewe? Kisha angalia kama linafikika. Mbinu ya Ball na Brown, kwa mfano, inategemea hisa zinazouzwa na kununuliwa mara kwa mara. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, baadhi hukaa siku kadhaa bila kuguswa. Hapo itabidi ubadilishe mbinu, au swali lenyewe.