Kubanduliwa Mara Tatu

Jioni ya tarehe 8 Oktoba 2024 nilikuwa kwenye matatu ya Rongai redio ilipotangaza kwamba Naibu Rais Rigathi Gachagua amebanduliwa. Wabunge 282 waliunga mkono hoja, 44 wakapinga. Kijana aliyekaa kando yangu akauliza, "Sasa kesho anaenda ofisi gani?" Nikamwambia, ile ile. Akanitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha.

Simlaumu. Kosa liko kwa kitenzi. Kubandua ni kinyume cha kubandika, vile kufungua ni kinyume cha kufunga. Bango la kampeni linabandikwa ukutani kwa gundi, ukilibandua, limetoka. Huwezi kusema limebanduliwa na bado liko hapo linakutabasamia.

Neno la Kiingereza tunalolitafsiri hivyo lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa cha kale, na mizizi yake ni pingu za miguu. Aliyefungwa pingu hajahukumiwa, anangoja kesi. Hata Katiba yetu ya 2010 iko hivyo: Bunge la Kitaifa linashtaki, Seneti inasikiliza na kuamua. Kwa Gachagua, uamuzi ulikuja usiku wa 17 Oktoba, Seneti iliposhikilia mashtaka 5 kati ya 11. Siku tisa nzima tulikuwa na naibu rais ambaye kitenzi kilikuwa kimeshamtoa.

Meru walizoea. Desemba 2022 madiwani walimbandua Gavana Kawira Mwangaza, Seneti ikamrudisha. 2023 wakambandua tena, akaponea tena. Agosti 2024, mara ya tatu, ndipo Seneti ikakubali, na hata hapo akakimbilia korti. Gundi gani hiyo?

Kuna kitenzi kikongwe zaidi, kuuzulu, tulichokipata kwa Kiarabu. Siku hizi tunakijua kikiwa kimevaa "ji": kujiuzulu, yaani mtu kujifuta kazi mwenyewe. (Kwa wanasiasa wetu, hilo ni somo la sarufi tu.) Lakini kuuzulu nako kunamaliza kazi, hakuachi nafasi ya kesi.

Mimi ningependa redio iseme "Bunge limemshtaki", kisha ingoje Seneti kabla ya kubandua mtu yeyote. Najua haisisimui. Nilijaribu kumweleza yule kijana hayo yote kabla ya Bomas. Akashuka akicheka, simu sikioni, akimwambia mtu, "Ameenda, bana. Ameenda kabisa."