Picha Mbili za Jumba la Ajabu

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza juu ya picha mbili za mji wa Unguja. Zote zilipigwa kutoka upande wa bahari, na zote zaonyesha Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Ajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tuseme hazina tarehe, kama picha nyingi za zamani zilivyo. Je, twaweza kujua habari zake?

Watu husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika picha yatupasa kuambizana, maana picha moja husema neno moja tu: kitu hiki kilikuwako. Zikiwekwa mbili pamoja, huanza kusimulia.

Katika picha ya kwanza twaona mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya jumba, karibu na maji. Kando ya jumba pana nyumba nyingine ya kifalme, Beit al-Hukm. Katika picha ya pili mnara ule hauko, na badala yake uko mnara wa saa ulioshikamana na uso wa jumba. Beit al-Hukm nayo haiko. Tena bandarini milingoti yatokeza majini, wala hapana meli chini yake.

Basi, kumetukia nini? Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme na kushika utawala bila idhini ya Waingereza, ambao Unguja ilikuwa chini ya himaya yao tangu mwaka 1890. Aliamriwa atoke, akakataa. Tarehe 27 Agosti, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga. Kwa muda wa dakika 40 hivi Beit al-Hukm iliharibika, mnara wa taa ukavunjika, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wadachi, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Siku ile ile Hamoud bin Mohammed akatawazwa.

Tutazame tena picha ya pili. Mnara wa saa ulijengwa mwaka 1897, na milingoti ya Glasgow iliondolewa mwaka 1912. Kwa hiyo picha ile ilipigwa kati ya miaka hiyo miwili, ingawa haina tarehe. Hivyo ndivyo vitu vidogo vilivyo pembeni vinavyotoa ushahidi kuliko jumba kubwa lililo katikati.

Lakini tusidanganyike. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hao hatuwaoni katika picha yo yote ya hizo mbili. Ya kwanza ilipigwa kabla yao, na ya pili baada ya kuzikwa kwao. Habari yenyewe imo katika nafasi iliyo kati ya picha na picha, na hiyo hujazwa kwa maandiko na kwa masimulizi ya wazee.

Basi, enyi wanafunzi, mkipata picha mbili za mahali pamoja, ulizeni mambo matatu: kimebaki nini, kimeondoka nini, kimeongezeka nini? Kisha wapelekeeni wazee picha hizo wangali hai, mkaandike majibu yao.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Jumba la Ajabu ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Hivyo picha yetu ya pili imekwisha kuwa ya kwanza katika jozi nyingine.