Kuizima au Kuiacha Ikiwaka? Historia ya Swali Moja la Kompyuta ya Nyumbani

Utangulizi

Karibu kila nyumba yenye kompyuta ina sheria yake kuhusu swichi. Wapo wanaoamini kwamba kuiwasha na kuizima kila siku kunaifupishia maisha. Wapo wanaoamini kwamba kuiacha usiku kucha ni kutupa pesa. Pande zote mbili husema kwa uhakika mkubwa, na kila upande una fundi aliyewaambia hivyo.

Insha hii inalitazama swali hilo kihistoria. Je, kanuni hizi zilitoka wapi? Zilikuwa za kweli lini, na kwa nani? Nina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kila kanuni ilitokana na udhaifu wa mashine za wakati fulani, kisha ikaendelea kurithishwa hata baada ya mashine hizo kutoweka. Ya pili ni kwamba, mbali na ufundi, jibu limekuwa likimfuata anayelipia umeme. Nitaanza Marekani, ambako mashine nyingi kati ya hizo zilibuniwa, kisha nitakuja hapa Uganda, ambako tulizipokea mashine pamoja na ushauri wake.

Mashine ya vali

Kanuni ya kutozima ndiyo kongwe zaidi. ENIAC, iliyozinduliwa mwezi Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000, zilizofanana kwa umbo na balbu. Ilitumia takriban kilowati 150. Tukichukua kompyuta ya mezani ya siku hizi kuwa inatumia wati 100, huo ni umeme wa kompyuta 1,500.

Tatizo la vali lilikuwa joto. Zilipowashwa, nyuzi zake za ndani zilipanuka, zilipozimwa, zilinywea. Vali nyingi ziliharibika katika vipindi hivyo viwili vya kupata na kupoteza joto, kama vile balbu ya zamani ilivyoungua pale pale ilipowashwa. Kwa hiyo wahandisi waliona ni nafuu kuiacha ENIAC ikiwaka. Hata hivyo, vali moja iliharibika kila baada ya siku mbili hivi, na hali hiyo ilihesabiwa kuwa mafanikio. Mwaka 1947 mashine hiyo ilihamishiwa Aberdeen, Maryland, ambako jeshi la Marekani liliitumia hadi mwezi Oktoba 1955.

Hapa kanuni ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa. Tena aliyeifuata hakuumizwa na gharama, kwa sababu bili ya umeme ililipwa na serikali. Baadaye transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, ilichukua nafasi ya vali. Transista haina uzi wa kuwaka, na joto lake ni dogo sana. Sababu kuu ya kanuni ikawa imeondoka, lakini mafundi waliozoea kutozima waliendelea kuwafundisha wanafunzi wao vivyo hivyo.

Kompyuta yaingia nyumbani

Mwaka 1977 zilitoka Apple II, TRS-80 na Commodore PET, mashine zilizouzwa tayari kwa matumizi ya nyumbani. Kwa mashine hizi swali lilikuwa jepesi. Hazikuwa na diski ya ndani inayozunguka. Lugha ya BASIC ilihifadhiwa katika chipu, hivyo ukiiwasha mashine ilikuwa tayari papo hapo, na ukimaliza unaizima kama redio. Hasara ilikuwa moja tu: chochote ambacho hukukihifadhi kwenye kaseti kilipotea. Sababu ya mtu kuiacha usiku ilikuwa kulinda kazi iliyokuwa katika kumbukumbu, wala haikuhusu afya ya kifaa. Tofauti hii kati ya kulinda mashine na kulinda kazi tuikumbuke, kwani itarudi tutakapofika Uganda.

Mambo yalibadilika diski ngumu ilipoingia. IBM ilitoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, na mwaka 1983 ikatoa modeli ya XT yenye diski ya megabaiti 10. Ndani ya diski, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka kwa kasi. Sahani ikisimama, kichwa hutua. Katika diski za mwanzo mtumiaji alishauriwa kutoa amri ya kuegesha vichwa kabla ya kuihamisha mashine. Baadhi ya diski za miaka ya 1980 zilikuwa na ugonjwa mwingine: kichwa kilichotua kiliweza kunata kwenye sahani, na asubuhi diski ikashindwa kuzunguka. Mtu aliyepoteza mafaili yake kwa njia hiyo alikuwa na sababu ya haki ya kusema, "Usiizime." Kanuni ya enzi ya vali ikapata maisha mapya.

Diski zilizofuata zilijiegesha zenyewe, na watengenezaji walizipima. Diski za kompyuta za mezani kwa kawaida ziliandikwa kuwa zinaweza kustahimili kuwashwa na kuzimwa mara 40,000 hadi 50,000. Anayewasha na kuzima mara mbili kwa siku atahitaji zaidi ya miaka 50 kufikia mara 40,000. Kompyuta yenyewe itakuwa imetupwa zamani.

Skrini nazo zilikuwa na kanuni yake. Katika skrini za zamani zenye mrija wa kioo, picha iliyosimama mahali pamoja kwa muda mrefu iliacha alama ya kudumu. Mwaka 1983 John Socha alichapisha katika jarida la Softalk programu ndogo iliyoifanya skrini kuwa nyeusi isipoguswa. Kufikia mwaka 1989, programu ya After Dark ilikuwa ikionyesha vibaniko vya mkate vikiruka kwa mabawa. Watu walivipenda, na wengi wakadhani kwamba picha hizo zinaokoa umeme. Hazikuokoa kitu. Skrini iliyokuwa ikichora vibaniko ilikuwa inafanya kazi kama kawaida.

Umeme waingia katika hesabu

Hadi hapo mjadala ulihusu uhai wa mashine tu. Mwaka 1992 EPA, yaani Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, lilianzisha nembo ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kuipata zilikuwa kompyuta na skrini. Sharti lilikuwa kwamba mashine isipotumiwa iingie yenyewe katika hali ya kulala na kutumia wati 30 au pungufu. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton aliziagiza ofisi za serikali kuu kununua kompyuta zenye nembo hiyo. Hapa tunaona jambo muhimu. Serikali, mlipaji mkubwa wa bili, ilianza kuuliza kwa nini mashine zake zinawaka usiku wakati wafanyakazi wamekwenda nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1992 Intel na Microsoft zilitoa utaratibu wa pamoja wa kudhibiti umeme wa kompyuta, na mwezi Desemba 1996 ukafuatwa na utaratibu mpana zaidi uliotolewa pamoja na Toshiba. Tangu hapo swali halikuwa tena na majibu mawili. Kati ya kuwaka na kuzimika pakaingia kulala.

Badiliko jingine la wakati huo halikuonekana sana. Katika mashine za zamani swichi ilikata umeme moja kwa moja, na ndiyo maana Windows 95 ilimaliza kazi zake kisha ikaandika kwenye skrini kwamba sasa ni salama kuizima. Mkono wa mtumiaji ndio uliomalizia. Katika mashine zilizofuata muundo wa ATX wa mwaka 1995, programu yenyewe iliweza kuzima. Ili kitufe kiweze kuiamsha tena, umeme kidogo hubaki ukipita ndani. Kwa hiyo kompyuta "iliyozimwa" lakini imechomekwa ukutani haijatengana kabisa na umeme. Watafiti kama Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley waliushughulikia umeme huu wa chini kwa chini, na mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati likaanza kuhimiza kwamba kifaa kilicho katika hali ya kusubiri kisitumie zaidi ya wati moja.

Kuiacha kwa ajili ya wengine

Mwezi Mei 1999 ilipatikana sababu mpya ya kutozima. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha SETI@home, mradi uliowaomba watu waache kompyuta zao zichambue mawimbi ya redio kutoka anga za juu zinapokuwa hazina kazi. Mwaka 2000 Stanford ilianzisha Folding@home, inayochunguza jinsi protini zinavyojikunja. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, watu wengi sana walijiunga nayo.

Siwezi kuuita huo upotevu. Lakini mradi kama huu hutoa kompyuta bure kwa mtafiti na kumwachia bili mwenye nyumba. Mahali ambapo yuniti chache si mzigo, huo ni mchango mdogo. Mahali pengine, ni chakula cha jioni.

Uganda: swichi isiyo mkononi mwetu

Ushauri huu wote uliandikwa mahali ambapo umeme upo wakati wote, na mtu huchagua. Kwetu mara nyingi umeme wenyewe ndio ulioamua.

Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na kwa miongo mingi nchi ililitegemea, likaongezewa Kiira mwaka 2000. Mabwawa yote mawili hutegemea maji ya Ziwa Victoria. Mwaka 2005 na 2006 kina cha ziwa kilishuka sana, na mgao wa umeme ukawa mkali. Palikuwa na sehemu zilizopata umeme siku moja na kuukosa siku iliyofuata. Nafuu kubwa ilikuja mwaka 2012 Bujagali, lenye megawati 250, lilipokamilika. Katika miaka hiyo ya mgao, kuuliza kama kompyuta iachwe usiku kucha kulikuwa sawa na kuuliza kama mgeni aliyekwisha kuondoka alale.

Ndipo kanuni za kwetu zilipozaliwa. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Nunua kifaa cha UPS, yaani betri ya akiba, ili upate muda wa kuzima kwa utaratibu. Na zaidi ya yote: chomoa. Umeme unaporudi unaweza kurudi kwa kishindo kinachounguza vifaa, na ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kwa kuwa mashine ya muundo wa ATX haitengani na ukuta hata ikizimwa, aliyechomoa alikuwa mwerevu kuliko aliyebonyeza kitufe tu. Kanuni hii haikutoka katika kitabu cha maelekezo cha mashine. Ilitoka kwa watu walionusa harufu ya vifaa vilivyoungua.

Mita za malipo ya kabla, Yaka, zilipoenea katika miaka ya 2010, kanuni nyingine ilijiandika yenyewe. Mtu anayeona yuniti zikipungua ukutani hahitaji kuhubiriwa.

Anayelipa ni nani?

Hoja hii si ya zamani tu. Katika hosteli ninamokaa umeme umo ndani ya kodi, na kompyuta za mezani huwaka usiku kucha, nyingine zikipakua filamu, nyingine hazifanyi lolote. Rafiki zangu waliopanga vyumba vyenye mita zao huzima hata wanapokwenda kula. Ni wanafunzi wa darasa moja, wenye mashine zinazofanana. Sasa mwenye hosteli ametangaza kwamba kila kompyuta ya mezani italipiwa ada sawa kila muhula.

Tufanye hesabu. Mashine ya wati 100 ikiachwa kwa saa 10 za usiku hula yuniti moja. Kwa mwezi ni yuniti 30. Mashine hiyo hiyo ikilala kwa wati 3, hula pungufu ya yuniti moja kwa mwezi mzima. Ada sawa inamtoza aliyezima kiasi kile kile cha aliyeacha. Atakayekuwa amelipa ataona hana sababu ya kuzima, na gharama itapanda. Serikali ya Marekani mwaka 1993 haikuwatoza makarani wake ada; ilidai mashine zinazojua kulala. Hosteli nayo ingeweza kuweka mita kwa kila chumba, au kumpunguzia ada mwenye mashine iliyowekwa ilale yenyewe baada ya dakika 15.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba "usiizime" ilikuwa kweli kwa vali za 1946 na kwa baadhi ya diski za miaka ya 1980, na kwamba "izime" ilipata nguvu umeme ulipohesabiwa. Kwa mashine za leo, ambazo nyingi zina diski zisizo na kitu kinachozunguka, hofu ya kuwasha na kuzima haina msingi mkubwa. Ilale mchana ukiwa darasani, izimwe usiku, na ichomolewe mvua inapotanda. Fundi akisema vinginevyo, tumuulize kwa heshima maswali mawili: anazungumzia mashine ya mwaka gani, na bili inalipwa na nani.