Benchi la Nyuma Lenye Miguu Mirefu

Mjomba wangu alikuwa seremala huko Shume, na somo la kwanza alilonipa kuhusu historia ya kumbi lilikuwa juu ya mabenchi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kijijini kwetu kulikuwa na banda moja la video: kuta za mbao, bati juu, jenereta inanguruma nyuma, na televisheni moja juu ya meza. Ukungu ukishashuka jioni, pengine pa kwenda hapakuwepo. Mwenye banda akamwagiza mjomba mabenchi sita. Siku ya kuyaleta akafoka, maana mabenchi hayakulingana! Mawili yalikuwa mafupi kama vigoda, mawili ya kawaida, na mawili yalikuwa na miguu mirefu kiasi kwamba mtoto akikaa, miguu inaning'inia. Mjomba hakubishana. Aliyapanga mafupi mbele na marefu nyuma, kisha akamwambia, "Kaa lile la nyuma kabisa, halafu niambie ni kitu gani hukioni."

Mwenye banda akakaa. Akaona kila kitu. Akalipa.

Shume ni nchi ya mbao, basi huenda si ajabu seremala wa kule kulijua hilo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa kampuni ya Wilkins na Wiese walijenga kiwanda cha kupasua mbao hapo juu, mahali walipopaita Neu-Hornow, na kampuni ya Bleichert ikawafungia kamba ya chuma ya kushushia mizigo mpaka Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Miti ya mwangati, ambayo wengine huiita mtarakwa, ilining'inia juu ya makorongo ikaenda zake bondeni. Mbao ziliondoka, watu wakabaki na ufundi. Na ufundi ule ulikuwa na jibu la swali ambalo kila mnunuzi wa tiketi hujiuliza leo: nikae wapi?

Hebu turudi nyuma kidogo.

Wagiriki wa kale walilijibu kwa mlima. Ukumbi wa Epidaurus, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, umechongwa kwenye mteremko, safu juu ya safu za mawe, na watu wapatao elfu kumi na kitu waliweza kukaa humo bila mmoja kuzibwa na kichwa cha mwenzake. Sisi wa Usambara hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mechi ikichezwa kijijini, nani anasimama kando ya mstari? Watu wote wako juu kwenye mteremko, wamekaa majanini. Mlima ndio jukwaa.

Warumi wao walikuwa na mji mkubwa na fedha nyingi, wakajenga mlima wao wenyewe. Colosseum ilifunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, jengo la kuchukua watu kama elfu hamsini, na kila mlango wa umma ulikuwa na namba yake juu. Baadhi ya namba hizo zinasomeka mpaka leo. Kuingia kulikuwa bure. Lakini usidhani kwamba mtu alichagua kiti! Maseneta walikaa chini kabisa, karibu na mchanga, na wengine majina yao yalichongwa kwenye mawe ya viti vyao. Waliofuata ni watu wa daraja la pili, halafu raia wa kawaida. Wanawake wengi walipandishwa juu kabisa, mbali, ambako mtu anayepigana chini anaonekana kama siafu.

Hapa ndipo historia ya viti inapogawanyika njia mbili. Kuna kiti cha kuonea, na kuna kiti cha kuonekana. Seneta hakukaa pale chini kwa sababu ya macho yake tu. Alikaa ili wote elfu hamsini wajue kwamba amekaa. Tangu siku hiyo tumekuwa tukivichanganya viti hivi viwili, na wauza tiketi wanafurahia tunavyovichanganya.

Tazama Royal Albert Hall ya London, iliyofunguliwa 1871. Wajenzi walikuwa hawana fedha za kutosha, wakauza viti kabla ya ukumbi kuwepo: pauni 100 kwa kiti, nacho ni chako kwa miaka 999. Hakuna utani. Mpaka sasa viti zaidi ya 1,200 vina wenyewe, vinarithishwa na kuuzwa kama viwanja. Lakini ukumbi ulipofunguliwa, watu wakagundua kwamba kuba lake linarudisha sauti. Mwimbaji anaimba mara moja, wewe unamsikia mara mbili. Ilichukua karibu miaka mia moja; mwaka 1969 ndipo yaliponing'inizwa kwenye dari madude ya mviringo yanayofanana na uyoga ili kuvunja mwangwi. Fikiria sasa babu aliyelipa pauni 100 mwaka ule wa mwanzo. Kiti kilikuwa chake, urithi wa vitukuu, na muziki ulimfikia umechakaa.

Kwetu Pwani mambo yalipinduka kwa namna yake, na aliyeyapindua ni sinema. Zanzibar ilipata Royal Cinema mwaka 1921, na Tanga nayo ikaja kuwa na Majestic. Mtu aliyeshuka kutoka milimani kwetu kwenda mjini angeikuta Majestic na umati wake mlangoni. Sasa, katika ndondi au ngoma, mbele ndiko ghali. Kwenye sinema mbele ndiko rahisi, kwa sababu pazia ni kubwa na shingo inauma. Vijana wasio na kitu walijaa chini mbele, wakipiga mayowe, wakimwonya nyota wa filamu kwamba adui yuko nyuma yake. Ghorofani, kwenye roshani, walikaa wenye uwezo na familia zao. Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania, Reel Pleasures, anaonyesha kwamba kwetu mgawanyo wa viti ulikwenda zaidi kwa bei ya tiketi, tofauti na Afrika Kusini ambako rangi ya ngozi ndiyo iliyokuonyesha mlango. Na wanawake wa Zanzibar walikuwa na maonyesho yao peke yao. Siku hizo kiti chochote ukumbini kilikuwa chao, roshani na chini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana alfajiri mbichi, kiasi cha saa kumi, ili Wamarekani walione pambano jioni yao. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na Mobutu ndiye aliyeyabeba mambo hayo kwa jina la Zaire. Uwanja ulifurika. Kiti cha heshima kuliko vyote kilikuwa kinamsubiri rais. Hakukikalia. Aliangalia pambano kwenye televisheni, kwake. Mtu aliyeweza kukaa popote nchini alichagua kochi. Kiti cha kuonekana kina hatari zake, na mtawala aliyeogopa umati alizijua.

Siku hizi Afrika Mashariki ina kumbi kubwa zenye paa. Nairobi ina ule wa ndani pale Kasarani, uliotokana na michezo ya Afrika ya 1987. Kigali walifungua ukumbi wao mwezi Agosti 2019, viti elfu kumi, jirani na uwanja wa Amahoro, ukajengwa kwa miezi isiyozidi saba hivi. Leo unaitwa BK Arena. Kwenye mpira wa kikapu, humo kila upande una haki yake: ukikaa katikati ya urefu wa uwanja, safu za juu kidogo, unauona mchezo unavyopangwa. Ukikaa nyuma ya goli utaona nusu moja vizuri na nusu nyingine kwa kukisia. Lakini muziki ukija, jukwaa huwekwa upande mmoja, na ramani yote inabadilika. Kiti kilichokuwa bora jana, leo kiko nyuma ya spika.

Hayo yote nilikuwa nayajua kichwani. Hayakunisaidia.

Mjomba alipozeeka, masikio yake yalikuwa yamekwisha kuliwa na msumeno wa umeme. Alikuwa na hamu moja tu, kuwasikia kwa macho yake (ndivyo alivyosema, na sikumrekebisha) wanamuziki wa dansi wa ujana wake, waliobaki. Likatangazwa tamasha Dar es Salaam, kwenye ukumbi mmoja mkubwa. Nikajikamua. Nikanunua tiketi mbili za VIP, mbele kabisa, bei ambayo sikumtajia. Tukatoka Shume kwenda Lushoto, Lushoto mpaka Mombo, tukapanda basi.

Tulikaa hatua chache kutoka jukwaani. Kulia kwetu palisimama spika ndefu kuliko mlango. Muziki ulipoanza mjomba akaziba masikio kwa viganja. Kilichombaki kusikia ni ngurumo tu, maneno hakuna. Mbele yetu watu wakainua simu zao kurekodi, na kwa kuwa sakafu ya VIP ilikuwa tambarare, tukabaki tunaangalia migongo na vioo vya simu. Niliona aibu. Nilimlipia kiti cha seneta.

Akaniinamia sikioni, akapaza sauti: "Mwanangu, hapa mabenchi yamelingana."

Nikacheka, halafu nikashindwa kucheka. Akasimama, akachukua fimbo yake, akaanza kurudi nyuma, mimi nikimfuata, tukiwapita watu waliotushangaa kwa kuacha viti vya bei ile. Alikuwa anaangalia sakafu tu, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Alipofika pale ngazi za viti zinapoanza kupanda, akapanda safu tano, sita. Chini yetu kidogo palikuwa na meza ya fundi mitambo wa sauti, imejaa vitufe na taa. Mjomba akamwonyesha kwa fimbo.

"Huyu anasikiliza wapi?"

"Hapo alipokaa."

"Basi."

Kumbe ndiyo hivyo. Fundi hupanga sauti ya ukumbi mzima kwa masikio yake mwenyewe, kutoka pale alipo. Anayekaa karibu naye anasikia kile fundi anachokusudia kisikike. Tiketi za pale zilikuwa rahisi kuliko zetu kwa mbali, na mlinzi, alipoona namba za VIP mikononi mwetu, alituangalia kama wagonjwa. Akaturuhusu.

Sijui mjomba alisikia kiasi gani. Najua kwamba katika wimbo wa tatu midomo yake ilianza kwenda na maneno, wala hakukosea ubeti. Jukwaa lote lilikuwa wazi mbele yetu, wadogo lakini wazima, kuanzia mpiga tumba mpaka mpuliza tarumbeta.

Ilikuwa safari yake ya mwisho Dar. Watu walipoanza kutoka nilimkuta ameinama, mkono uko chini ya kiti chake, anapapasa mahali mguu ulipofungwa kwenye zege.

"Chuma," akasema. "Wameweka chuma. Lakini kipimo ni kilekile."